Mama Ameingia Kwa Intavyu Yangu

Leo mama yangu amenipandishia mshahara, na intavyu haikuwa yake.

Nilikuwa sebuleni hapa Rongo, naongea kwa video na dada wa kampuni inayotafuta mtu wa kuunda programu za simu.

Akaniuliza, "Umebobea katika nini hasa?"

Nikajibu kwa madaha, "Mimi hufanya kila kitu!"

Akasema, "Sawa. Basi hujabobea katika lolote; tutakulipa kama mtu anayeanza."

Jamani, miaka minane kazini!

Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Nyathina, mwanangu, mbona humwambii ni wewe ulitengeneza ile programu ya wauza samaki kulipwa kwa simu, kutoka hapa mpaka Homa Bay?"

Aibu gani hiyo!

Lakini yule dada akasogelea kamera. "Malipo ya simu? Na CV yako inasema miaka minane kazini? Si ungesema! Huyo ndiye tunatafuta."

Mshahara ukapanda hapo hapo, karibu mara mbili.

"Unaweza kuanza lini?"

Kabla nifungue mdomo, Mama akajibu, "Jumapili. Kesho Jumamosi ni Sabato."

Yule dada akacheka, akakubali. Naanza Jumapili. 😂

Wazazi wenu wamewahi kuwafanyia hivi, ama ni mimi tu?