Maji ya Ghorofani kwa Olinga

Katika majira ya mvua ya mwaka 1962, tukiwa wanafunzi wa misheni huko Nangina, msichana mmoja alimwagia wino kitambaa ambacho Perez Nerima alikuwa akikitarizi tangu Kwaresima. Perez hakulia. Alingoja mwaka mzima, hadi yule msichana alipomwomba amshonee gauni la Kipaimara, akamjibu kwa upole kwamba hana nafasi. Msichana akasimama mbele ya askofu katika sare ya shule.

Baadaye Perez akawa mshonaji mjini Busia, mjane, mwenye fleti yake ya ghorofa ya chini, aliyoinunua mwaka 1993 majengo yale yalipouzwa kwa wapangaji. Juu yake aliishi Olinga, mchuuzi wa chumvi na mwenyekiti wa wenye fleti.

Maji ya mji yalikuja kwa zamu, na Olinga alizoea kuacha mfereji wazi ili ayasikie yakifika. Siku moja mwaka 1995 yalifika yeye akiwa Malaba. Yakapenya darini, yakaharibu cherehani ya Perez na magauni matatu ya maharusi.

"Si sisi wenye fleti tuna bima?" Perez alimuuliza.

"Ya kuta, mama," Olinga akacheka mbele ya majirani. "Vitambaa vyako hatukuvikatia. Anika, jua ni la bure."

Wakala wa bima, Geoffrey Ekisa, alipopita mlango kwa mlango, majirani walivikatia vitu vyao bima ya wizi na moto, kwa kuwahofia wezi wa mpakani. Perez alisoma hati zote, kidole kikifuata mistari.

"Maji yakitoka kwa jirani, mkishanilipa, yeye anabaki hivyo tu?"

"Hapana, mama. Kama ni uzembe wake, kampuni itamshtaki."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata chifu."

Akachagua bima ya maji, iliyokuwa ghali kuliko zote. Akanunua cherehani nyingine, akaiweka palepale chini ya doa la dari. Nilipomshauri aisogeze, alisema, "Wacha ikae mahali pake." Kisha kila mwezi akawa anamwandikia Olinga barua ya adabu, akimwomba afunge mfereji, na nakala akiihifadhi pamoja na hati ya bima. Olinga alizitumia barua hizo kufungia chumvi ya wateja.

Mwaka 1997 maji yalishuka tena. Kampuni ilimlipa Perez, ikamshtaki Olinga. Akateremka, kofia mkononi.

"Dada Perez, ongea na hao watu. Sisi tunasali kanisa moja."

"Nilikatia vitu vyangu tu, mwenyekiti. Wewe sikukukatia."

Siku ya kesi alivaa gauni lake la kijivu, akaenda kwa miguu hadi mahakamani Busia, akamkabidhi wakili wa kampuni nakala ishirini na mbili za zile barua, na kutia sahihi kwamba amezitoa.