Taa Iliyotembea

Siku ile ya kwanza tulikuwa tunachimba waru. Nakumbuka kwa sababu Shosho, mama mkwe wangu, alikuwa akinigombeza kwamba natoboa viazi kwa jembe. "Wee Mama Nyawira, unachimba waru ama unaua nyoka?" Nikamjibu kwamba mwenye shida na jembe langu alete la kwake. Ndivyo tulivyoishi mimi na yeye: maneno mchana kutwa, na jioni tunapatana.

Milio ya bunduki ikasikika ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyeinua kichwa. Sisi wa upande ule wa Laikipia, mbele ya Nanyuki, tulizoea bunduki kama watu wa mjini wanavyozoea honi. Askari wa kigeni huja kufanya mazoezi kwenye yale mashamba makubwa, na siku zingine hata vyombo hutikisika kabatini. "Wamerudi kazini," Shosho akasema, tukaendelea kuchimba. Jioni ndipo tulipoambiwa kwamba hayakuwa mazoezi. Jirani yetu wa upande wa chini, mtu niliyemuuzia kabichi asubuhi ileile, alikuwa amelala kwenye lango la zizi lake, amekufa, na ng'ombe wake hawapo.

Siasa ya mambo yale siielezi. Wako wanaolipwa kueleza. Ukame ulikuwa mkali, nyasi kidogo zilizobaki zilikuwa kwetu, na bunduki zilikuwa kwao. Wao ni akina nani? Wenye bunduki, basi. Hata wafugaji tuliozoeana nao, waliokuja kununua mahindi kwangu na kunitania juu ya bei, walihama kwa kuwaogopa hao hao. Wenye bunduki walikaa kwenye kilima cha mawe, ndani ya vichaka vya leleshwa, mchana wakitutazama na giza likiingia wakishuka.

Kijiji kikaanza kutoka. Huyu kwa shemeji Mweiga, yule kwa dada Karatina, godoro juu ya pikapu na kuku wamefungwa miguu. Tuliobaki tulipanda kila jioni, kwa njia iliyofichika ya mtoni, kulala kwenye kanisa la mabati, kilimani upande wa pili, tukilindwa na polisi wawili wa akiba. Mimi nilibaki kwa sababu viazi vilikuwa ardhini, na kwa sababu Shosho alikataa kutoka.

Nieleze kwanza habari ya taa. Mwaka uliotangulia, karibu kila nyumba ilikuwa imewekewa taa ya sola ukutani nje, ile inayojiwasha yenyewe jua likizama. Watu walipokimbia walibeba hata milango, lakini hakuna aliyepanda ngazi kung'oa taa. Basi kila jioni, mwanga ulipoisha tu, kijiji kisicho na mtu kiliwaka. Zote kwa pamoja, nyeupe, zimetulia kimya. Hakuna moshi, hakuna mtoto analia, hakuna mbwa. Unaangalia nyumba ya rafiki yako unamwona kabisa akilini, ameinama anachochea moto, kumbe yuko Karatina. Sikuwahi kuzoea.

Shosho hakuwa na sola. Alikuwa na taa ya chemli, ya mafuta, aliyoolewa nayo. Aliokoka akiwa msichana, katika wale wazee wa ushirika wa zamani ambao wokovu kwao ni kazi ya kila siku, kama kukama. Kila jioni alipangusa kioo, akakata utambi, akajaza mafuta. Kisha alimfikia kila mtu aliye nyumbani, mmoja mmoja, akamwambia: "Sina neno na wewe. Una neno nami?" Kama una neno, unalisema hapo hapo, mnalimaliza. Hakugusa chakula kabla ya hapo. Na chini kabisa ya sanduku lake kulikuwa na gauni na kitambaa cheupe cha kichwa cha akina mama wa kanisa, vimepigwa pasi, vya kuzikiwa. "Bwana akiniita," alisema, "sitaanza kutafuta sindano."

Kwa hivyo nilipomwambia tupande kanisani, alinicheka.

"Mimi niko tayari. Ati nilale chini ya viti kama paka?"

"Shosho, kuwa tayari si kukaa katikati ya barabara ungoje lori! Mungu amekupa miguu."

"Na Ndirangu akija je? Akikuta giza atajua tumekwisha."

Ndirangu ni mume wangu, na mwanawe wa pekee. Alikuwa mlinzi wa hoteli Nanyuki, akija nyumbani kila akipewa likizo. Hata afike saa ngapi, aliingia kwanza kwa mama yake. Simu haikusaidia tena; mnara wa mtandao ulikuwa umechomwa. Nilibishana na Shosho mpaka koo likakauka. Mwishowe nikambeba binti yangu Nyawira, aliyepewa jina la huyo huyo Shosho, na ukaidi wake pia, nikapanda kanisani bila mzee.

Jioni ile nilikaa mlangoni pa kanisa nikitazama chini. Zile nyeupe zikawaka zote. Baada ya kitambo ikatokea moja ya njano, imechelewa, ikatoka jikoni kwa Shosho, ikavuka ua polepole, ikaingia ndani. Nikafurahi. Nikasema, asante Yesu, yuko mzima.

Jioni ya pili niliiona tena ikitembea, na furaha ikanikauka mdomoni. Kama mimi naiona, na wao kule kwenye kilima cha mawe wanaiona. Kijiji kizima kilikuwa kinawaambia hakuna mtu, hakuna mtu, isipokuwa pale. Taa zilizojiwasha hazikutembea. Inayotembea ina mtu.

Asubuhi nilishuka mbio na Muriuki, mwinjilisti wetu, nikamweleza Shosho nilichokiona. Akaigeuza taa mikononi.

"Kumbe inanisema," akasema.

Akakubali kupanda, lakini kwa sharti. Taa ibaki mezani kwake, imejaa mafuta, kiberiti kando, ili Ndirangu akija asikose mwanga. Sikubishana. Nilikuwa nimetuma neno Nanyuki kwa dereva wa gari la maziwa: mwambie Ndirangu asije, tuko kanisani, tuko salama. Nikaona taa ni kitu cha kumtuliza mzee tu.

Siku chache zikapita. Shosho kanisani alikuwa Shosho: aliwakemea waliokoroma, akawafundisha watoto kukunja blanketi, na kila jioni akazunguka kanisa zima na lile swali lake. Watu wazima walijikuta wakisema mambo ya ajabu. Mmoja alikiri habari ya mpaka wa shamba aliousogeza, mbele ya mwenye shamba, nao wakalia pamoja wakishikana. Mimi nilimwambia Shosho neno langu moja: kwamba nina hasira na Ndirangu, kwa sababu nilimsihi muda mrefu atuhamishie mjini akawa ananiambia ngoja. "Hilo ni lake," akasema. "Umwekee akija."

Ikaja ile jioni.

Tulikuwa tumekaa nje, mimi na yeye na Muriuki. Jua likazama nyuma ya Nyandarua, Mlima upande wa pili ukawa mweusi. Taa nyeupe zikawaka zote. Tukazitazama kama kawaida.

Kisha Shosho akasema, "Hiyo ni yangu."

Nikaangalia. Ya njano, ndani ya nyumba yake.

Nilimgeukia kuhakikisha kwamba yuko hapa, kwamba mkono huu nilioushika ni wake. Ulikuwa wake, wa baridi.

"Ni wao," Muriuki akanong'ona. "Wameingia."

Taa ikatoka mlangoni. Ikainuliwa juu, juu sana, ikapita, ikashushwa.

"Si wao," Shosho akasema. "Ni Ndirangu. Anainua taa asigonge kichwa mlangoni. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

Ikavuka ua hadi kwenye nyumba yetu, ikaingia. Ikatoka. Ikaenda stoo, ikazunguka zizi. Ikarudi.

Alikuwa anatutafuta.

Ikaingia jikoni, ikakaa huko.

Polisi wa akiba waliteremka kwa njia ya mtoni, wakikimbia wameinama. Lakini bonde lilikuwa refu, nasi sote tulijua hivyo.

Mbele ya kanisa ilining'inia rimu ya lori, ndiyo kengele yetu. Niliruka nikashika chuma chake cha kugongea. Nilitaka aisikie, azime ile taa, akimbie. Muriuki akanikamata mkono.

"Mama Nyawira. Watoto."

Wenye bunduki hawakujua bado tunalala wapi. Ndani ya mabati yale watoto walikuwa wamepangwa kama mikate. Wangu alikuwa kati yao.

"Shosho!" nikasema. "Nifanye nini?"

Akatazama kanisa. Akatazama taa.

"Weka chini."

Nikaweka chini. Sijui niliwezaje. Nilitaka kuteremka mwenyewe, naye akashika sketi yangu kwa mikono miwili, mwanamke mwenye mifupa kama kuku, na sikuweza kujitoa.

Hapo ndipo alipoanza kuongea. Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayeongea mezani, uso umeelekea bondeni.

"Ndirangu, mwanangu. Sina neno na wewe. Kama una neno nami, nisamehe." Kisha akanivuta. "Sema lako."

Nilikuwa na neno naye, tena kubwa. Lilikuwa limenikaa kifuani miezi. Nikasema, "Baba Nyawira, sina neno na wewe." Na nilipolisema likawa kweli. Lilitoka kabisa, nikabaki mtupu.

Taa ikarudi mlangoni pa jikoni. Milio ikaja. Haikuwa mingi.

Hakuna aliyesema ni mazoezi.

Taa haikuzimika. Ningependa kama ingezimika. Iliendelea kuwaka palepale mlangoni pa jikoni, lakini haikutembea tena. Ilitulia, na nikikodoa macho sikuweza kuona tofauti yake na zile zingine zote, isipokuwa rangi.

Asubuhi tulishuka na polisi. Alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, taa kando yake imekauka mafuta, kioo hakijavunjika hata ufa. Baadaye dereva wa maziwa alikuja akilia, akatueleza kwamba gari lake liliharibika siku kadhaa, na alipofika hotelini aliambiwa Ndirangu ameshaondoka, amepata likizo ya ghafla na lifti ya lori la mchanga. Walipishana njiani. Sina neno na yule dereva. Nilimwambia hivyo siku ileile.

Jikoni, sufuria ya chai ilikuwa mekoni, imefunikwa. Mezani kulikuwa na vikombe vitatu vya ziada kando ya chake, na kile kidogo, cha Nyawira, kilikuwa tayari na sukari ndani.

Shosho alifungua sanduku lake. Alitoa kile kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akamfunika mwanawe uso.

"Nilikuwa najiandalia mimi," akasema. "Kumbe ni yeye." Akakaa chini akalia kwa sauti, wala hakuna mwinjilisti aliyethubutu kumnyamazisha.

Mazishi tuliyafanyia Mweiga, kwetu. Mhubiri mmoja alisimama akasema Mungu ana mpango wake, nikatamani kumrushia kiatu. Lakini kibaya zaidi kilikuwa minong'ono. Ndirangu hakuwa mtu wa kanisa sana; kazi ya ulinzi haijui Jumapili. Mama mmoja wa ushirika, katika kutoa pole, alimwinamia Shosho akauliza: "Lakini alikuwa tayari kweli?"

Shosho akamwangalia mpaka yule mama akashusha macho.

"Alifika akakuta nyumba tupu," akasema. "Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna kuku. Akatupikia chai. Mimi na wewe, nani amewahi kumwamini Mungu hivyo?"

Nimelifikiria jibu hilo miaka yote hii. Zamani nilidhani kumtumaini Mungu ni kujengewa ua, kwamba ukiwa ndani risasi haipiti. Ua ule sikuuona. Watu waovu na watu wazuri walizikwa kwa jembe moja mwaka ule. Ninachojua ni kidogo: kwamba neno lililokuwa kifuani mwangu lilitoka kabla ya milio, na kama lingebaki, ningelibeba hadi kaburini kwangu. Hilo nalishukuru. Mengine bado namdai Mungu majibu, naye anajua, maana namwambia kila siku bila kumficha.

Sasa tunaishi Skuta, Nyeri mjini, nauza waru nisizozichimba. Shosho alikuja nasi, akafa usingizini, kama mtu aliyemaliza kazi zake. Nilimpigia pasi kitambaa kingine mwenyewe. Taa yake ya chemli iko juu ya kabati, kioo nakipangusa.

Mwenye ploti tunamopanga ameweka sola ukutani, zile za kujiwasha. Zikiwaka jioni nafunga pazia upande ule.

Nyawira amekuwa msichana mrefu, urefu wa baba yake. Jana, giza likiingia, alichukua sweta akaelekea mlangoni.

"Sina neno na wewe," nikamwambia. "Una neno nami?"

"Mathe! Si naenda tu kununua maziwa."

"Jibu."

Akapandisha macho juu, kisha akaja akanishika bega. "Sina, Mathe. Sina neno."

Akawasha tochi ya simu, akatoka. Nilisimama kwenye dirisha la upande wa pili nikitazama ule mwanga ukishuka ngazi, ukivuka barabara, ukipita kinyozi. Dukani ulisimama kidogo, nami nikaacha kupumua. Kisha ukaanza kutembea tena, ukirudi.