Siku Nilitaka Kuaga Mwape sawa Mutu ya Sinema

Bandugu, heri niwaambie mwenyewe, juu nimechoka kusikia hii mambo kwenye soko, na kila mutu anaiongezea chumvi yake. Ndiyo, ni mimi. Ule mutu aliyepasuka suruali mbele ya bandari yote ya Nchelenge ni mimi Ilunga, kinyozi, mutoto ya Pweto ng'ambo ya ziwa, na haya ingali inanichoma mpaka leo.

Kwanza mujue ugonjwa yangu. Mi ninapenda filme za zamani za Hollywood, zile nyeusi na nyeupe (ni mama yangu alinirithisha, alizitazama zikisema kifaransa), na mule kuko muzungu moja, mwenye sharubu nyembamba na macho ya usingizi, ambaye wanawake bote banamulilia. Siku muke mupenzi wake anapanda treni, anamuacha, na yeye hakimbii, hapigi kelele: anaweka muguu moja kwenye ngazi ya treni, anatoa kofia, anasema neno moja polepole, basi muke anashuka na valizi yake. Wee! Kwenye kibanda yangu, kama hakuna mutu ya kunyoa, nilikuwa najifunza kuinua nyusi moja mbele ya kioo. Sharubu yangu nayo nilikuwa nimeichonga vilevile.

Sasa Mwape. Alikuwa anakuja kutoka kisiwa ya Kilwa, mule ndani ya ziwa yetu, kuuza samaki ya kukauka na kununua unga, na akingojea mashua alikaa kwenye banki yangu, ile kiti ndefu ya mbao mbele ya kibanda, tunacheka, kibemba na kiswahili vyote pamoja, na mi roho ilikuwa imeisha kwenda. Kisha nikasikia kwamba mwalimu moja ya Chienge ametuma batu kwao kuulizia ndoa. Bon. Ningemwambia palepale kwenye banki, kwa kinywa ya kawaida, sawa mutu mwenye akili. Mais hapana! Nikasema nitamwambia akiwa anaondoka, sawa ule muzungu na treni yake. Nikaazima koti nyeupe na kofia kwa shemasi ya kanisa yetu (sikumwambia ni ya kazi gani), nikashuka bandarini.

Upepo ulikuwa umeanza. Mashua imejaa: magunia ya unga, kuku, batu karibu kukaliana, na mama moja na mutoto muchanga kwenye mugongo. Mwenye kuendesha alikuwa yama ya Mwape, ndugu ya mama yake, muzee ya maneno machache, na siku ile alikuwa anapiga kelele: "Tuende, tuende, ziwa inabadilika!" Mwape amekaa mbele. Akaniona na ile koti, akafungua kinywa kuuliza kitu, na mi nikaweka muguu moja kwenye ukingo ya mashua, ingine kwenye jiwe, nikatoa kofia, nikainua nyusi.

Pale pale yama, moteri imeisha kuwaka, akasukuma mashua.

Treni inaenda kwa reli, bandugu. Mashua inaenda kwa kujipendea. Muguu moja ikaanza safari ya Kilwa, ingine ikabaki Nchelenge, suruali ikalia prrraa, na mi sijue kuogelea hata kidogo, donc nikajitupa ndani. Nikaangukia kidumu ya esanse, mafuta ya moteri, nikang'oa mupira wa kuipeleka, na moteri ikazima.

Na hapo ningekaa tu chini, mambo ingeisha. Mais nikasimama, nipanguse koti, niombe pardon na heshima yangu (ule muzungu hajawahi kukaa kwenye matope ya chini ya mashua). Mashua ikalala upande. Mayi ikaingia yote kwa mara moja, gunia ya unga ikaenda, yule mama akaita, "Mayo! Mutoto yangu!" na akamuinua mutoto juu kwa mikono yote mbili, na mayi imeisha kumufika kwenye magoti.

"Iwe, wewe!" yama akaniambia, na sasa hakupiga kelele, sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Ukisimama tena, tunakufa bote."

Nikakaa. Upepo unatusukuma nje, tumegeuza ubavu kwa mawimbi, na kila wimbi inaweka mayi kidogo, inarudi, inaweka tena. Mi nilikuwa natazama mikono ya ule mama, imeinua mutoto juu, na nikajua kama mutoto ule akianguka, ni mimi nimemuua, si ziwa.

Mwape akanitupia sufuria kwenye kifua.

"Ilunga, acha ile uso ya sinema. Toa mayi!"

Nikatoa mayi. Sikuwa tena na nyusi wala sharubu, nilikuwa mikono tu. Batu bengine balitoa kwa beseni na kwa viatu, na nyuma yama anapuliza mupira, anaurudisha, anavuta kamba, moteri inakohoa, inakufa. Anavuta tena. Inakufa. Yule mama anasema tu, "Lesa, Lesa," jina ya Mungu kwa kibemba, mpaka nami nikaanza kusema. Ndipo moteri ikashika, na yama akageuza kichwa ya mashua kurudi Nchelenge.

Bandari yote ilikuwa inangojea, na telefone mikononi. Nikashuka nyuma ya batu bote, nashika suruali kwa mukono, na batu banacheka sasa juu hakuna mutu alikufa. Mwape alikuwa ananingojea kwenye mayi.

"Ulitaka kuniambia nini?"

Lile neno ya polepole lilikuwa limekwenda na unga. "Nilitaka... usiolewe Chienge."

Batu bakapiga mikono. Yeye hakucheka. Alitazama yule mama, aliyekaa chini kwenye muchanga na mutoto kwenye kifua. "Kwa neno ile tu, ukatufikisha pale?" Akaenda.

Nilifunga kibanda siku mingi. Nilipofungua, mutu ya kwanza kukaa kwenye kiti alikuwa yama. Nikamunyoa ndevu, nikamupa kioo. Alipomaliza kujitazama akasema, "Mwape amekataa watu ya mwalimu. Sababu sijamuuliza. Kama kuko neno, leta bakubwa yako Kilwa, waiseme nyumbani."

Kilwa haifikiwi kwa muguu. Nilivuka na bakubwa ya kwetu na shemasi (aliyekuwa angali ananikasirikia juu ya koti), nimekaa chini kabisa katikati ya magunia, nashika kamba kwa mikono mbili, na batu ya mashua banachekelea kisogo yangu safari nzima. Bakubwa balisema, na Mwape akakubali, mais kwanza alinipeleka kwa yule mama niombe musamaha, na pale nililia kweli.

Basi, bandugu, filme ningali natazama. Mais nimeapa mbele ya Mungu na ya bashemeji yangu: neno yoyote ya mapenzi, mi nitaisema nikiwa nimekaa, kwenye inchi kavu, na haraka.