Siku Niliyoposa Bila Kusema Ndiyo Wala Hapana

Nacheka sasa kwa sababu kicheko ndicho kilichobaki, lakini kwa muda mrefu mtu akitaja Minago mbele yangu nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu, hata kama siku hiyo nimevaa kandambili. Aibu yenyewe niliitengeneza mwenyewe, tena kwa furaha, na ndiyo maana hata wa kumlaumu sina.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ya mwisho mwisho, nami nilikuwa napiga chapa katika sekretariati moja karibu na soko la Rumonge, kwetu Burundi (zile ofisi ndogo za kuandikia watu barua na kutoa fotokopi), na patron wangu, mwenye ofisi, alikuwa ameunganisha kompyuta moja na lini ya telefone, ule waya wa simu, basi tukawa na intaneti, lakini intaneti ya kobe, unabonyeza, unakwenda kunywa chai, unarudi, ukurasa bado unashuka taratibu kama pazia. Hapo ndipo nilipochezea ule mchezo wetu. Tulikuwa wanne, wote tumesoma pamoja kabla vita havijatutawanya: mimi Hamisi niliyebaki, Deo aliyekuwa chuo Bujumbura, Jafari aliyekimbilia Kigoma na wazazi wake, na Zubeda, binti wa Minago aliyekuwa anasomea uuguzi huko huko Bujumbura, na ambaye (nikubali mapema) ndiye aliyenifanya niupende mchezo kupita kiasi.

Mchezo haukuwa na mpira wala karata. Ulianza na kanuni chache, halafu kila mtu kwa zamu yake aliandika kanuni mpya au aliomba ya zamani ibadilishwe, wengine wanapiga kura, na ikipita inatufunga wote hata kama ni ya kipumbavu. Kulikuwa na kanuni kwamba kila ujumbe uanze kwa kusema ziwa limeamkaje huko uliko. Kulikuwa na nyingine ya kumkataza Deo neno "kimsingi", maana tangu aingie chuo alikuwa hawezi hata kuomba chumvi bila kulisema. Nje huku barabara ikifungwa hatukuulizwa, kuvre-fe, ile saa ya kutotoka nje, ikirudishwa nyuma hatukuulizwa, lakini mule ndani tuliulizwa kila kitu, nasi tulizishika kanuni zetu kama amana. Zubeda ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Siku moja aliandika kwamba mtu asiyeshika kanuni aliyoipigia kura mwenyewe, hata ndoa ataishika kwa vidole viwili. Neno lile nililichukua kama nimeandikiwa mimi peke yangu, na haikupita muda wazee wangu wakapeleka posa Minago.

Basi, Jafari alikuwa na ugonjwa wa kuchelewa kupiga kura, tunamngoja mpaka mchezo unapoa, nami siku moja nikatunga kanuni kwa ajili yake (sikuandika jina lake, lakini kila mtu alilisoma): mchezaji akipitwa na kura atapewa adhabu ya siku nzima, wengine ndio wataichagua, na adhabu haibadiliki mpaka wachezaji watatu wakubali, mwenye adhabu hahesabiwi. Ikapita mara moja. Kura iliyofuata, lini ya telefone ikakatika Rumonge nzima, wengine wakasema mvua imeangusha nguzo, wengine hawakusema kitu, na iliporudi nikakuta Jafari kwa mara ya kwanza katika maisha yake amepiga kura mapema, na aliyepitwa ni mimi. Adhabu ilikuwa imeshapita: Jumamosi yote nisiseme ndiyo wala hapana, kwa lugha yoyote, Kirundi na Kifaransa ndani yake, wala nisitikise kichwa. Aliyeipendekeza ni Zubeda.

Nilicheka peke yangu mpaka patron akaniangalia. Kesho yake ikaja habari kutoka Minago: barabara imetulia, Mzee Sudi, baba mkubwa wa Zubeda aliyemlea, anatungoja Jumamosi hiyo hiyo.

Hapa ndipo ningeokoka. Ujumbe mmoja tu wa kuomba adhabu isogezwe Jumapili. Deo mwenyewe, aliposhuka na konvoa ya magari ya kusindikizwa na askari ili anisindikize, aliniambia niombe tu, kabla hatujatoka. Nikakataa. Nikamweleza kwamba msemaji ni baba yangu mdogo, mwoaji kazi yake ni kukaa kimya kama mtungi, na zaidi ya hayo nilitaka Zubeda aone mwanaume anayeshika neno. (Sifa, ndugu zangu, zimezika wengi.)

Asubuhi tukaondoka. Kwenye bariyeri askari akachungulia garini akaniuliza kama ni mimi ninayekwenda kuoa, nikamjibu, "Afande, usoni haionekani?" Akacheka akatufungulia, nami nikajiona bingwa.

Kwa Mzee Sudi palikuwa pamejaa. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na watu walikuwa wanainama ili wamsikie. Wasemaji wakaongea vizuri, sahani za wali na samaki wa mukeke zikaonekana mlangoni zinangoja, nikaanza kupumua. Ndipo mzee akainua mkono akasema kwamba amesikia ulimi wa baba mdogo, sasa anataka kusikia ulimi wa kijana mwenyewe. Akaniuliza kama kweli namtaka binti yake.

"Mzee," nikasema, "ningevaa kanzu ya kuazima nije mpaka hapa kwa ajili ya nini?"

Watu wakacheka kidogo, naye pia. Kisha akauliza, "Na uko na mwanamuke mwingine kule Rumonge?"

"Zubeda ndiye wa kwanza, mzee."

Ndugu zangu, neno "wa kwanza" nililisikia likianguka chini kama sufuria. Nyuma ya pazia wanawake wakaanza kuulizana, wa kwanza kati ya wangapi. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Mzee Sudi akaweka kikombe chake chini.

"Umekwisha kushika bunduki?"

Miaka ile swali hilo halikuulizwa kwa mchezo. Zilikuwepo nyumba ambazo jibu lake lilitawanya wageni, na mzee alikuwa na haki ya kulijua kabla hajanipa mtoto. Jibu langu lilikuwa neno moja, neno la kweli, na lilikuwa limekaa hapa kwenye meno. Nikamtazama Deo, nikakuta amejaza leso mdomoni.

"Vidole hivi, mzee, vinajua mashine ya kuandikia tu."

"Sikukuuliza vinajua nini."

"Miaka yote hii nimekaa sekretariati."

"Sikukuuliza umekaa wapi. Nimekuuliza kitu kimoja."

Nikamnyooshea tena vidole vyangu, vyote kumi. Chumba kikapoa. Mzee mmoja akaanza kutafuta kofia yake. Jirani akasema huyu mtoto ameshikwa, si bure, hebu leteni maji, na kabla sijajua nini kinaendelea mtu amesoma dua juu ya jagi zima na kunimwagia kuanzia kichwani. Kanzu ile ilikuwa nyepesi (nimeshasema ni ya kuazima, sikuichagua), ikaning'ang'ania mwilini, na bukta yangu ya rangi ya machungwa ikaonekana na kila mtu, hata wale waliokuwa wamejaa madirishani. Nikabaki nimesimama nadondosha maji kama nguo iliyosahaulika kambani.

Ndipo pazia likafunguka, Zubeda akatoka. Msichana anayeposwa hatoki bila kuitwa, lakini alitoka, akapiga goti mbele ya baba yake mkubwa akamweleza yote, mchezo, kanuni, kura. Akasema adhabu ameitunga yeye, wala hakujua kama itaangukia siku hii, na tangu siku ya posa itajwe alikuwa anangoja niombe isogezwe, akashangaa sikuomba.

Mzee Sudi akasema kijana na ajibu tu, mambo yaishe.

"Akijibu, baba, atakuwa amevunja kanuni," Zubeda akasema polepole, "na mimi sitaweza kusahau kwamba amevunja."

Shida ilikuwa kura. Deo alikubali, Zubeda alikubali, wa tatu alikuwa Jafari, naye alikuwa ng'ambo ya mpaka. Tukakaa hivyo, jua linasogea na barabara itafungwa alasiri, mpaka Shangazi Mwamvua, dada yake Mzee Sudi, akauliza kutoka mlangoni, mwiko wa wali mkononi, mtu anaingiaje kwenye mchezo huo. Akaambiwa anaingizwa kwa kura. Tukanyoosha mikono, mimi, Deo na Zubeda, akawa mchezaji. (Hakuwahi kuona kompyuta maisha yake yote.)

Nilidhani ameingia kuniokoa. Akauliza kwanza kama mchezaji mpya anaweza kutoa pendekezo, akaambiwa anaweza.

"Basi neno ndiyo lifunguliwe," akasema. "Hapana libaki limefungwa mpaka siku ya ndoa. Nataka kumuona mwanaume wa namna hiyo japo mara moja."

Deo akanyoosha mikono miwili. Zubeda akanitazama kidogo, akanyoosha wa kwake. Ikapita.

Mzee Sudi akacheka, lile tumbo lote likacheka, kisha akalitafuta swali lake upya. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mikono yako iko safi, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee," nikasema, nikaona anapangusa macho. Vigelegele vikapigwa mpaka ufukweni.

Ningependa kuishia hapo. Lakini akina mama walikuwa wameshaelewa mchezo. Mmoja akauliza kama nitakuja kuvuta nyavu za ndagala na wajomba, ndiyo. Mwingine kama nitapaka chokaa nyumba ya shangazi, ndiyo. Mwingine kama nitawaimbia sasa hivi, na mimi sijui kuimba, ndiyo, nikaimba, katika kanzu ile ile, na watoto wakakimbia kuita wenzao. Mpaka ndoa, Jumamosi zangu zote ambazo barabara iliruhusu zilikwenda Minago, nikirudi Rumonge nanuka samaki na chokaa, na patron alinihamishia kiti karibu na dirisha.

Nimeapa sitatunga tena kanuni huku nawaza jina la mtu. Zubeda anasema hicho si kiapo, ni pendekezo tu, na bado halijapigiwa kura.