Siku ya Kuleta Kabichi

Januari 1977, siku ya Jumatatu, mlima wa Nyiragongo ulipasuka, na tukampoteza Mama Sifa wa Kibumba, kule juu mlimani. Hadi leo njiti ya kibiriti ikiwashwa karibu nami, harufu yake hunirudisha asubuhi ile, uani kwetu Keshero, mama akitazama moshi.

Mama Sifa alikuwa mkulima. Kabichi na viazi vyake havikupita sokoni, ambako wachuuzi walipandisha bei walivyotaka. Kila Jumamosi alivishusha kwa miguu hadi kwetu, na majirani walikuja na mabeseni kugawana. Mama alimpa chumvi na sabuni, vitu vilivyokuwa adimu kule juu. Vikapu vilikuwa viwili: kimoja kikija, kingine kilikuwa kwetu kikimngoja, na hakuna kilichorudi kitupu. Nakumbuka walivyotaniana.

“Weye, unageuza kabichi sawa vile unachagulia mutoto wako muke!” Mama Sifa alimwambia mama.

“Muke akioza, nitamurudisha kwa nani?” mama alijibu, na Mama Sifa, huku akicheka, akaongeza viazi vya matabishi, nyongeza ya bure, juu ya fungu.

Jumamosi ya mwisho mama alimwambia: “Jumamosi ijayo tuko na harusi Sake. Ulete Jumatatu itakayofuata.”

Neno ni maji, likimwagika halizoleki. Jumatatu hiyo moto wa mlima uliikata barabara ya kutoka Kibumba, upande wa Kibati. Mama Sifa alikuwa ametoka kwake alfajiri. Kwetu hakufika, na nyumbani hakurudi. Majirani waliacha kuuliza habari za kabichi. Mama alijaza chumvi kikapu kilichobaki, akakitundika ukutani, na kila hodi ilipopigwa alikitazama kwanza kabla ya kufungua. Alijua mtu wa Kibumba atakuja, na atauliza kwa nini Jumatatu.

Siku hizi nanunua kabichi kwa watu nisiowajua jina, nao hawajui langu. Hakuna anayeweza kunidai neno. Mama naye tumeshamzika.

Aliyekuja wakati ule kutoka Kibumba alikuwa Sifa mwenyewe, binti wa marehemu, msichana aliyenizidi umri kidogo, barabara ilipopitika tena, na viazi vichache kichwani. Hata hajatua mzigo, mama akasema, “Ni mimi nilimuambia Jumatatu.”

Sifa alimimina viazi, akaweka vingine kando, juu ya jiwe: matabishi.

“Papa anauliza, tulete siku gani?”

Mama aliinama, akaanza kuokota viazi, kimoja kimoja. Sifa alingoja, kisha akatungua kikapu cha chumvi ukutani, akajitwika.

“Basi, Jumamosi, mama,” alisema.