Maluseu Wawili Ndani ya Bibi Masina

Temukisa binti Pouli, mjukuu wa Aperila. Huyo Aperila ndiye aliyesuka mkeka wa heshima laini kama kitambaa, ukazunguka kama zawadi katika harusi na misiba ya nusu ya kisiwa chetu cha Savaiʻi, Samoa, kabla ya kurudi nyumbani na viraka vyake. Pouli aligonga kengele ya kanisa mpaka bega likapinda. Na Temukisa mwenyewe alikuwa sauti ya redio pale mjini Apia, iliyosoma salamu na matangazo ya vifo, enzi zile nyumba nzima ilipokuwa ikinyamaza jioni, sufuria ya kakao ikiachwa ifurike, ili tusikie nani katutoka. Enzi hizo hazirudi.

Alipostaafu, karakana moja ndogo ya kompyuta ilimwita alee kumbukumbu za Bibi Masina. Bibi Masina si mtu. Ni bibi wa kwenye simu, mashine iliyopewa sauti ya kizee na ucheshi, aongee na watoto wetu waliozaliwa Auckland na Sydney, na wazee wenye upweke. Kila siku maneno anayoambiwa hukunjwa yakawa kumbukumbu fupi. Zinazofanana huunganishwa, zisizoguswa hufifia, la sivyo kichwa chake hujaa takataka. Temukisa alizipitia kama bibi yake alivyokuwa akianika mikeka: huu ukunjwe, huu ushonwe, huu usiguswe.

Hapo ndipo alipoteleza, na nani kwetu asingeteleza? Jina la cheo cha ukoo, kama Maluseu, halizikwi na mtu. Maluseu akifa, Maluseu mwingine hukalishwa mahali pake, na watu husema Maluseu alijenga kanisa, Maluseu kanunua gari, kana kwamba ni mtu mmoja. Temukisa alipokuta kumbukumbu mbili za Maluseu, akaziunganisha bila hata kukuna kichwa.

Jumapili baada ya ibada, Faʻapusa, mjane wa Maluseu wa zamani, aliweka simu kando ya sahani ya magimbi kama alivyozoea.

"Masina, hebu nikumbushe mzee wangu."

"Maluseu? Yule wa sauti nene kanisani!" akasema Bibi Masina kwa furaha. "Na hongera, mama. Juzi ameoa binti wa kutoka Faleata."

Kesho yake Faʻapusa alikuwa mlangoni pa karakana, mwavuli kwapani.

"Temukisa! Uliyesoma vifo vya nchi nzima, leo hujui nani kafa?"

"Ingia ndani, shoga, watu wanasikia."

"Wasikie! Nimewaachia mume wangu mnitunzie, nyie mmemwoza!"

Temukisa alitaka kucheka, lakini akamvutia mwenzake kiti.

"Nimeanza kumsahau," Faʻapusa akasema taratibu. "Vilivyobaki nilimpa Masina anishikie."

Mazungumzo yenyewe, kabla ya kukunjwa, yalikuwa bado kwenye ghala la mashine, ila yalikuwa yafutwe Jumamosi kupisha mengine. Wakaketi kuyasikiliza, moja baada ya jingine. Mengine yalisimuliwa na watu wengine wa ukoo, na hata Faʻapusa hakujua ni ya yupi. Ikabidi aitwe Maluseu mpya, fundi seremala aliyeoa juzi, mtoto wa mdogo wa yule marehemu.

"Huyu aliyeanguka mnazini ni wewe?" Temukisa akamuuliza.

"Si mimi, mama. Mimi hata ngazi inanitisha."

"Fundi gani wewe!" Faʻapusa akamcheka. "Paa langu ulilipandaje?"

"Kwa kuomba Mungu, mama mkubwa."

Wakaenda hivyo, wakicheka na kufuta machozi, mpaka wakafika kwenye ule mwavuli: Maluseu amemfunika Faʻapusa toka kanisani mpaka nyumbani, yeye mwenyewe akilowa chepechepe.

"Huyo ni mzee wangu," Faʻapusa akasema haraka.

Fundi akatazama viganja vyake. "Mama mkubwa, nilikuwa mimi. Jumapili ile baada ya maziko."

Temukisa angeweza kumpa marehemu mwavuli ule, na nani angelalamika? Lakini hakugusa kitu.

"Ila yeye ndiye aliyenituma," fundi akaendelea. "Aliniambia akiwa kitandani: huyu hapendi kulowa kichwa, umwangalie. Akasema nisikuambie, utamcheka."

Faʻapusa akainua pindo la nguo yake hadi machoni. "Ningemcheka kweli."

Temukisa akaandika: Maluseu mpya alishika mwavuli, Maluseu wa zamani alimtuma. Akaagiza mazungumzo yale yasifutwe, yakae pamoja na kumbukumbu zake. Kisha akavua miwani, akamsukumia fundi kiti chake.

"Macho yangu yamechoka, mwanangu. Uwe unakuja wewe. Kila Masina atakapomtaja Maluseu, useme lipi lako na lipi la baba yako mkubwa. Na atakayekurithi cheo, uagize aletwe akae hapa kabla hajala karamu yake ya kutawazwa."

"Nianzie wapi, mama?"

"Kwenye harusi yako," Temukisa akasema. "Mtoe mzee wa watu pale."