Mahindi ya Mbegu na Kifua cha Dada Yangu

Jikoni kwetu, kijijini upande wa Nuu, hapakuwa na dirisha. Baba alijenga hivyo makusudi. Juu ya meko alipanga fito, na kwenye fito alitundika mahindi ya mbegu, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Kila boma lilifanya hivyo. Mahindi yakiwa meusi tititi, wageni waliyasifu.

Chini ya mahindi hayo alipika dada yangu mdogo, mwenye pumu. Mama alishinda akitafuta maji, na mimi, mvulana, sikutakiwa kushika mwiko. Jioni dada alitoka ameinama, mikono magotini, kifua kikilia. Muuguzi wa zahanati alimwambia baba waziwazi kwamba mtoto asikae kwenye moshi. Baba akarudi akisema pumu huletwa na baridi, akamnunulia sweta. Sweta, kwa mtoto anayeshinda mbele ya moto.

Mimi si mtu wa kuongea. Nilinyamaza mpaka siku dada alipoanguka mlangoni, midomo imebadilika rangi. Alipopata nafuu nilichukua jembe, nikatoboa ukuta wa udongo karibu na paa. Mahindi nikayateremsha, nikayapukuchua, nikayachanganya na jivu ndani ya debe, kama mama alivyohifadhi kunde zisiliwe na wadudu.

Baba alifika, akalitazama tundu.

"Nani amevunja nyumba yangu?"

"Ni mimi."

"Juzi umemaliza darasa la saba, leo umekuwa fundi na daktari?"

"Baba, dada hapumui."

"Na wadudu wakila mbegu, tutapanda cheti chako?"

Akaziba tundu kwa gunia. Nililichomoa mbele yake, nikalitupa motoni.

"Hiyo mbegu unamwekea nani?" nikamuuliza.

Hakunipiga. Alisema tu, "Basi utapika wewe, tuone."

Nilipika. Vijana wa rika langu waliniita bibi harusi, na ugali wangu ulikuwa na madonge. Dada alianza kulala usiku kucha bila kuketi kitandani akitafuta pumzi. Mvua ilipokuja mbegu ziliota vizuri, na baba akasema ni kwa sababu ya mvua.

Hasira haijanitoka. Kutoboa ule ukuta kulichukua muda mfupi kuliko kuivisha sufuria ya mahindi na maharagwe. Dada yangu alikuwa amekohoa kwa miaka.